Muulize Mwalimu: namba ya usajili, leseni, na ile kero ya kuhuisha

Barua za safari hii karibu zote ni za usajili, sijui mmekubaliana wapi. Nimechagua tano, zile zinazofanana nimezijibu kwa pamoja.

Mwalimu shikamoo. Nimemaliza chuo, digrii ya ualimu ninayo na matokeo si haba, nikapata kazi shule ya binafsi lakini siku ya kusaini mkataba hedimasta akasema bila namba ya usajili haniingizi darasani. Digrii si ndo ushahidi kwamba mimi ni mwalimu? Au ni mambo ya kutafutiana pesa tu?

Marahaba mwanangu. Hedimasta hajakuonea, na ningekuwa mzazi pale shuleni ningempenda kwa hilo. Chuo kinasema umesoma ukafaulu, basi, kazi yake imeishia hapo. Chuo hakijui kama uliwahi kufungwa kwa kumdhuru mtoto, hakijui kama cheti cha sekondari ulichoingilia ni chako au cha binamu yako, na ukifanya madudu miaka kumi baadaye hakina habari. Mwenye daftari la walimu ndo anayeshika hayo yote, ndo maana ukiomba usajili unaambiwa ulete vyeti vyote tangu sekondari, kitambulisho, hati ya tabia njema kutoka polisi, na kwingine hata fomu ya daktari. Yaani wanauliza mambo mawili, umefuzu? na je, unafaa kuachiwa watoto wa watu?

Sasa nani anashika hilo daftari, hapo nchi zinatofautiana sana. Kenya ni Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, na imewekwa kwenye Katiba ya 2010 kifungu cha 237, yeye ndo anasajili, anaajiri, anapandisha vyeo, anahamisha na anaadhibu. Scotland ni tofauti, kuna baraza la walimu tangu 1965 ambalo halimwajiri mwalimu yeyote wa darasani, kazi yake ni daftari na viwango, na 2012 likawa huru kabisa na serikali. Tanzania nayo ilitunga sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu 2018, ikiwa mbali na Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoundwa na sheria ya 2015. Mimi binafsi naona ni afya mwajiri asiwe huyohuyo mwenye daftari, maana mkikosana kwa mambo ya ofisini unajikuta unatetea mkate wako na jina lako mbele ya mtu mmoja.

Kuhusu shule ya binafsi, usidanganyike kwamba huko usajili hautakiwi. Kenya sheria haibagui, wa serikali na wa binafsi wote lazima wawe daftarini. Ila si kila mahali, kule England shule ya binafsi inaweza kumwajiri mtu asiye na hadhi ya mwalimu aliyefuzu na hajavunja sheria. Kwa hiyo soma sheria ya nchi unayofundisha, usisome ya rafiki yako aliyeko ng'ambo. Na kama mamlaka yenu inatoa usajili wa muda kwa wanaoanza, omba huo kwanza, Scotland mwalimu mpya anaanza hivyohivyo, anakuwa kwenye majaribio mpaka aonyeshe amefikia kiwango ndo anapewa usajili kamili.

Mimi nimefundisha tangu enzi za chaki na ubao mweusi, leo nikaambiwa nihuishe leseni. Kwani ualimu umekuwa bima ya gari, ikifika tarehe unalipa tena? Na hizo kozi tunalipa wenyewe, tunakaa kwenye kiti siku nzima tunasomewa slaidi, tunapewa cheti. Kuna maana gani?

Hasira yako naielewa, tena nusu yake nakubaliana nayo. Tuanze na nusu nisiyoikubali.

Kusajiliwa ni mara moja, kuhuisha ni kuulizwa "bado?" Bado unafundisha, bado rekodi yako polisi ni safi, bado unajifunza? New Zealand wametenganisha vizuri sana, usajili wako hauishi muda lakini kuna cheti cha kufundishia juu yake, hicho ni cha miaka 3, kikiisha jina lako liko daftarini ila darasani huingii. Jimbo la Victoria kule Australia wao ni kila mwaka, uonyeshe umefundisha walau siku 20 na umejiendeleza saa 20. Afrika Kusini baraza lao, SACE, lina mfumo wa pointi, 150 kwa miaka 3, na nilichopenda ni kwamba pointi si za semina tu, kuna unazopata kwa kujifunza mwenyewe, kuna za mambo mliyofanya pamoja shuleni, halafu ndo kuna za kozi za nje. Kenya sheria ya TSC ya 2012, kifungu cha 35, inadai mwalimu ajiendeleze na achukue cheti cha kufundishia kila miaka 5. Na wapo wasiohuisha kabisa, England ukipata ile hadhi ni yako maisha, na sijasikia watoto wa kule wamekuwa wajinga zaidi, kwa hiyo atakayekwambia bila kuhuisha elimu inakufa anakutisha tu.

Nusu ninayoikubali ni hiyo ya kiti na slaidi. Kenya ilipozindua mpango wake wa kozi 2021 vyama vya walimu vilikuja juu, na hoja kubwa ilikuwa hiyohiyo, nani analipa? Kanuni ikimlazimisha mtu kusoma ili abaki kazini halafu ikamwachia bili yote, hiyo inageuka tozo hata kama nia ilikuwa nzuri. Na ikihesabu saa za kukaa bila kuuliza umerudi darasani ukabadilisha nini, utapata walimu wenye mafaili manene na masomo yaleyale. Mkiwa na chama, hilo ndo la kulipigania, msipoteze nguvu kupinga daftari lenyewe.

Wakati mnapigana lakini wewe hifadhi ushahidi. Kila semina chukua cheti chenye tarehe, idadi ya saa, jina la mtoaji na sahihi, kiskani siku hiyohiyo ukitume kwenye barua pepe yako mwenyewe, sio kompyuta ya shule. Na jinsi ulivyomsaidia mwalimu mpya kuandaa somo, andika, sehemu nyingi hiyo inahesabika na watu wanaiacha bure.

Maombi yangu yamerudishwa mara mbili, wanasema majina hayaoani. Cheti cha kuzaliwa ni Mariam, cha sekondari Maryam, cha chuo kimeongezwa jina la mume. Nifanyeje dada?

Pole mdogo wangu, hili ndo linaloua maombi mengi kuliko hata ada. Chagua jina moja litakaloishi daftarini, mara nyingi lile la kitambulisho cha taifa. Ile tofauti ya herufi nenda kwa wakili au mahakamani ukaape kiapo kwamba huyo ni mtu mmoja. La mume ambatisha cheti cha ndoa, au hati rasmi ya kubadili jina kama ndo njia uliyopitia. Skani zote ziwe faili moja linalosomeka, picha za simu zenye kivuli cha kidole hazisaidii. Halafu nenda ukarekebishe na kwenye akaunti yako ya mtandaoni, watu wanapeleka kiapo lakini fomu bado imeandikwa jina la zamani, mfumo unaikataa tena wanalaumu ofisi.

Mwenzetu amefukuzwa shule kwa tuhuma, wengine wanasema kwa kuwa ameshafukuzwa ameshafutwa daftarini, wengine wanasema akiwahi kujiuzulu kesi inakufa. Ipi kweli?

Hakuna hata moja. Kufukuzwa ni kati yake na mwajiri. Kufutwa ni uamuzi wa mwenye daftari, nao una hatua zake, anaarifiwa tuhuma kwa maandishi, anapewa muda wa kujibu, anasikilizwa, na akishindwa kwa kawaida kuna njia ya rufaa. Mtu anaweza kufukuzwa kwa utoro akabaki daftarini na kufundisha kwingine. Na kujiuzulu hakumwokoi, England kwa mfano shule inatakiwa ifikirie kulipeleka jambo kwenye mamlaka hata kama mwalimu aliondoka mwenyewe kabla hajafukuzwa, kusudi mchezo wa kuhamisha tatizo kwenda shule ya jirani usiwepo. Mwambieni asipuuze barua yoyote, na aende kwenye kikao na mtu wa chama au wakili. Asiyetokea anaamuliwa asipokuwepo.

Wale mlioandika mliacha kufundisha ili kulea watoto, hili haliwahusu. Leseni kulala si kufutwa, mkirudi mtaombwa hati mpya ya polisi, ada, na kama mmekaa nje muda mrefu pengine kozi ya kurudishia makali.

Nimepata kazi nchi nyingine. Usajili wangu wa hapa unatosha?

Hautoshi, utaomba upya huko. Watakachotaka ni barua ya hadhi njema kutoka kwa mamlaka yako ya sasa, na wengi wanataka itumwe na ofisi moja kwa moja kwenda ofisi, ukiibeba wewe mkononi wanaikataa. Nchi za Jumuiya ya Madola zilikubaliana utaratibu wa kuajiri walimu wa nchi nyingine mwaka 2004 lakini ni makubaliano ya hiari, hayabadilishi leseni yako kuwa ya kule. Omba hiyo barua kabla hujaaga kazini, wakati leseni yako bado hai, maana wakikuta imelala barua itasema hivyo.