Mji Mkongwe: Laleni Humo Humo

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Mwezi ujao nampeleka mama Unguja kwa siku tatu. Wenzangu wanashauri tulale Nungwi, Mji Mkongwe tuupitie mchana mmoja. Mama anapenda vyakula na kanga, ila magoti yanamsumbua. Tufanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Laleni mjini. Bahari ya Nungwi ni nzuri, sikatai, lakini vyakula vyetu vina saa zake, na anayekuja mchana na kuondoka hupishana navyo. Asubuhi mapema ni chapati za moto na maharage ya nazi. Alasiri ni urojo: bajia, kachori, viazi na mishkaki ndani ya mchuzi mchachu wa manjano, chatne ya nazi juu. Mwambie muuzaji pilipili aiweke kando, mama ajitilie mwenyewe. Jioni nendeni Sokomuhogo mkanywe kahawa chungu kwa kashata, wazee wakibishana barazani. Mkitaka wali wa kushiba, mgahawa wa Lukmaan pale Mkunazini mnachagua kwa macho.

Forodhani, bustani ya vyakula kando ya bahari, huchangamka baada ya magharibi. Ulizeni bei kabla samaki hajawekwa kwenye moto, si baada.

Kuhusu malazi, swali lako la kwanza liwe ngazi. Nyumba za zamani zina ngazi nyembamba zilizosimama wima, na chumba cha juu kinachotazama bahari kitamtesa mama. Omba cha chini. Malindi ni karibu na bandari. Kiponda na Mkunazini ni katikati ya mji. Shangani utalipa zaidi. Taja mapema kwamba nyinyi ni Watanzania, maana sehemu nyingi zina bei ya wenyeji. Uliza pia gari linaishia wapi, kwani vichochoro vingi havipitiki ila kwa miguu.

Ukipata nyumba ambayo wenyewe bado wanaishi humo, ichukue hata kama haina mapambo. Mji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini cheo hakizibi paa linalovuja. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Sayyid Barghash la 1883, upande wake mmoja uliporomoka Desemba 2020, na mimi bado linaniuma. Nyumba za mawe na chokaa zinataka watu ndani yake.

Kanga msinunue kwenye maduka ya zawadi. Mpeleke mama Mchangani, akae kwenye kiti cha duka, afunguliwe doti moja moja asome majina mpaka aridhike. Akishachagua, tafuteni fundi azikate na kuzipinda. Darajani, soko la tangu 1904, ni hatua chache kutoka hapo: nunueni hiliki na mdalasini mzima, msichukue vya unga.

Angalia na kalenda. Ikiwa ni Ramadhani, mchana migahawa mingi hufungwa. Ila futari ya hapa, mama hataisahau.