Maswali ya Wasomaji: Uzamili wa Muziki kwa Mwalimu Aliye Kazini

SWALI: Mimi ni mwalimu wa muziki katika shule ya sekondari jijini Dodoma, na huu ni mwaka wangu wa tisa kazini. Nina shahada ya kwanza ya muziki, naongoza kwaya ya shule na ya kanisani, na nina familia inayonitegemea, hivyo kuacha kazi miaka miwili nikasome siwezi. Nimeona vyuo vya ng'ambo vinavyotoa shahada ya uzamili ya ufundishaji wa muziki kwa mtandao mtupu. Wenzangu wananicheka wakisema muziki haufundishwi kwenye simu. Je, wanasema kweli? Na shahada hiyo itatambuliwa hapa nchini?

JIBU: Wenzako wanasema kweli, lakini wanajibu swali ambalo wewe hukuuliza. Anayetaka kujifunza fidla tangu mwanzo anahitaji mwalimu wa kumshika kiwiko na kumnyoosha kifundo cha mkono, na hilo halifanyiki vizuri kupitia kioo cha simu. Uzamili wa ufundishaji wa muziki ni jambo jingine. Ndani yake unasoma jinsi mtoto anavyojifunza kusikia na kushika sauti, jinsi mtaala unavyopangwa na kupimwa, mabishano ya muda mrefu juu ya njia za kufundisha za wanamuziki wa Ulaya, akina Kodály, Orff na Dalcroze, pamoja na mbinu za utafiti. Kazi kubwa ni kusoma, kuandika na kujadiliana, na hayo yote mtandao unayabeba bila taabu. Boston University ya Marekani ilianza kutoa hata udaktari wa fani hii kwa njia ya mtandao mwaka 2005, kwa hiyo hutakuwa mtu wa kwanza kujaribiwa dawa.

Sababu inayonifanya nikuunge mkono, hata hivyo, ni darasa lako. Mwanafunzi anayeishi chuoni akipewa kazi ya kufanya na watoto, inambidi azunguke akibembeleza shule impe kipindi kimoja. Wewe darasa unalo Jumatatu saa mbili asubuhi. Tuseme umeagizwa kulinganisha njia mbili za kufundisha wimbo wa sauti mbili. Kidato cha Pili A unawafundisha kwa solfa (zile d, r, m) na ishara za mkono, Kidato cha Pili B unawaimbia tu nao wanafuata, huku simu ikirekodi ikiwa imeegemezwa dirishani. Usiku unasikiliza, na wiki inayofuata unawaimbisha tena bila kuwakumbusha, uone ni akina nani ambao sauti ya pili imebaki masikioni mwao. Hapo tayari una kazi ya chuo, na wakati huohuo umeandaa somo la wiki ijayo.

Tena uko Dodoma, nchi ya Wagogo, alikotoka mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyeifikisha ilimba, ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, kwenye majukwaa ya dunia kabla ya kufariki mwaka 2003. Muziki wa Kigogo kwa kiasi kikubwa unafuata mfululizo wa sauti asilia, zile zinazojitokeza zenyewe uzi mmoja unapogusishwa kidole sehemu mbalimbali, na baadhi ya sauti hizo hazina kitufe kwenye kinanda. Ya saba katika mfululizo huo iko chini ya kitufe kinachoikaribia kwa takriban theluthi moja ya nusu-toni, yaani ya hatua kati ya kitufe kimoja na kinachofuata. Mtoto aliyekua akiisikia sauti hiyo nyumbani anaposimama mbele ya kinanda chako nawe ukamwambia kwamba anaimba chini, ni nani aliyekosea? Swali hilo linatosha tasnifu nzima, na aliyeko Boston hawezi kulichunguza kama wewe. (Nakiri kwamba mimi mwenyewe nimewasahihisha watoto wa aina hiyo kwa miaka mingi, na nilikuwa na uhakika kabisa.)

Kuhusu kutambuliwa: tuzo za vyuo vya nje hutathminiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, na wenzetu wa Kenya huiendea Commission for University Education. Waandikie kabla hujalipa shilingi ya kwanza, uwatajie jina la chuo, jina kamili la programu, na uwaeleze wazi kwamba masomo yote ni kwa mtandao, kwa maana chuo chenye jina kubwa hakimaanishi kwamba kila programu yake itapokelewa bila maswali. Hakikisha pia kwamba chuo kina ithibati katika nchi yake. Kwa vyuo vya Marekani, angalia kama kimo katika orodha ya National Association of Schools of Music, chombo kilichoanzishwa mwaka 1924 kukagua mafunzo ya muziki. Kutokuwemo si dalili ya ubovu, lakini ni sababu ya kuuliza zaidi.

Jambo ambalo walimu hulipuuza ni ruhusa ya mwajiri. Rafiki yangu alisoma kimyakimya usiku kwa miaka miwili na nusu akidhani kwamba, kwa kuwa hakukosa kipindi hata kimoja, hakuwa na la kumwarifu mtu. Alipopeleka cheti kiingizwe kwenye jalada lake aliombwa barua ya ruhusa ya masomo, hakuwa nayo, na jalada likakaa mezani. Pitisha ombi lako kwa mkuu wa shule mapema na utunze nakala yenye mhuri.

Halafu kuna solfa. Wengi wetu tumelelewa na kwaya zinazosoma d, r, m, na tunazisoma kwa kasi inayowashangaza wageni. Vyuo vingi vya nje hukupa mtihani wa nadharia mwanzoni, nao huja kwa nota za mistari mitano. Huenda shahada yako ya kwanza ilikupitisha huko, lakini miaka tisa ya kwaya inasahaulisha. Jipe miezi mitatu ya kunakili nyimbo za kwaya yako kutoka solfa kwenda nota; programu ya MuseScore hailipiwi na inatosha kwa kazi hiyo.

Uliza pia kama kuna vipindi vya moja kwa moja. Darasa la saa moja jioni huko Boston, majira yao ya baridi, kwako ni saa tisa usiku. La Uingereza la saa kumi na mbili jioni litakukuta saa tatu usiku, jambo linalovumilika. Bando nalo lihesabu kama sehemu ya ada, kwani saa moja ya video huweza kula gigabaiti nzima au zaidi. Kuhusu ada yenyewe, Uingereza inao ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa masomo ya masafa, lakini ni kwa kozi zilizoteuliwa tu, hivyo tazama kwanza kama ya muziki imo mwaka huo.

SWALI: Nimeshaanza uzamili wa mtandao nikiwa Kisumu. Tumeagizwa kupiga muziki kwa pamoja, lakini nikipiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, na mwenzangu aliye London hatuingiliani kabisa. Je, tatizo ni bando langu?

JIBU: Hapana, mwalimu, usijitie hasara ya kununua kubwa zaidi. Wapigaji hushindwa kushikana mdundo sauti inapochelewa kupita milisekunde 25 au 30 hivi, sawa na wanakwaya walioachana mita kumi ukumbini. Kutoka Kisumu hadi London ni zaidi ya kilomita 6,000, na mwanga ndani ya waya wa kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde; yaani hata waya ungenyooka kama rula, milisekunde 30 zingekwisha njiani tu, na waya wenyewe unazunguka baharini. Zipo programu za kupiga muziki pamoja kwa mtandao, kama JackTrip, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Stanford, zinazosaidia walio karibu. Kwenu ninyi wawili haitafua dafu.

Ombeni kurekodi kwa tabaka: mmoja atangulie, mwingine asikilize kwa hedifoni na kuongeza yake. Mnapokutana kwa Zoom kusikilizana, washeni mpangilio wa sauti halisi kwa wanamuziki, maana bila huo programu huidhania sauti ndefu ya muziki kuwa kelele ya feni na kuikata. Anza wewe kurekodi, kwa kuwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba cha mguu wako, inapoigonga nyatiti, itampa mwenzako mdundo wa kufuata. Weka simu upande wa mguu huo, ila si karibu sana, pete isije ikazimeza nyuzi.