Jibu: Nitajuaje kama samadi ina mabaki ya dawa ya magugu?

Mkuu, umeuliza kama mahindi yakiota vizuri kwenye hiyo samadi basi ni salama. Hapana, mahindi hayatakuambia kitu. Dawa za magugu kama pikloramu na aminopiralidi huua magugu ya majani mapana na kuacha jamii ya nyasi, na mahindi ni nyasi. Tena ng'ombe akila nyasi zilizopuliziwa, dawa hizo hupita tumboni mwake zikiwa bado na nguvu. Pima kwa maharage, yenyewe ni ya majani mapana.

Changanya samadi na udongo safi nusu kwa nusu, jaza makopo matano. Mengine matano weka udongo huohuo mtupu. Kila kopo mbegu nne za mfuko mmoja, na kisahani chake chini, maji yasichanganyike. Nusu ya mbegu za udongo mtupu zikishachipua, endelea kuangalia siku 14 hadi 21. Kwenye makopo ya samadi, majani machanga yakijikunja kama kikombe na shina likipinda, samadi hiyo usiipeleke kwenye nyanya kabisa. Mwongozo namba 208 wa OECD (shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi), unaohusu kupima kemikali kwa miche, unataka angalau asilimia 70 zichipue kwenye udongo mtupu. Zikipungua, rudia kwa mbegu nyingine. Mimi sikupima, nikapoteza kitalu kizima cha nyanya. Bado inaniuma.