Maswali na Majibu: Visasili vya Jua na Mwezi Vina Wenyewe

Barua nyingi nilizopokea zinatoka kwa walimu na wanafunzi wa Tanga na Bagamoyo wanaoandika upya visasili vya jua na mwezi. Nimechagua sita.

Nimeandika kisa cha jua na mwezi. Je, nikiite "Kisasili cha Kiafrika"? (Mwanafunzi, Chumbageni)

Cha Waafrika gani? Wachaga humwita Mungu Ruwa, na neno hilo hilo ndilo jina la jua. Wafon wa Benin wana Mawu, mwanamke wa mwezi, na Lisa, mwanamume wa jua. Wamasai husimulia kwamba Jua alimwoa Mwezi, wakapigana wakaumizana nyuso, na Jua, kwa kuona haya, akazidisha mng'aro ili asitazamike, ilhali Mwezi hakujali na majeraha yake tunayaona mpaka leo. Nimekwisha kulisema hili mara nyingi na ninalirudia: taja watu wenye kisa, au usikiandike kabisa.

Niandike "Jua lilisema" au "Jua alisema"? (Mwalimu, Pangani)

Natamani ningeulizwa maswali ya namna hii kila wiki. Jua akiwa mhusika mwenye nia, hasira na aibu, mpe upatanisho wa viumbe hai: Jua alimwambia Mwezi. Likibaki nuru na joto, lirudishie upatanisho wake: jua lilichwa. Mwandishi makini huitumia tofauti hiyo kufanya kazi ambayo aya nzima ya maelezo isingeifanya. Chukua kisa cha Wajapani, kilichoandikwa katika Kojiki mwaka 712, ambamo Amaterasu, mungu wa jua, alijificha pangoni kwa sababu ya vurugu za nduguye Susanoo na dunia ikawa giza. Kwa Kiswahili unaweza kuandika: "Jua akaingia pangoni, jua likatoweka." Viambishi viwili vimebeba mungu na nuru yake katika pumzi moja. Ninachokikataa ni kuchanganya upatanisho ndani ya aya kwa uzembe, kisha mwandishi akajitetea kwamba huo ni ubunifu.

Mwezi ni mwanamke, sivyo? (Msomaji, Bagamoyo)

Kwa Wagiriki ndivyo, kwa maana Selene ni mwanamke na nduguye Helios wa jua ni mwanamume, lakini Wagiriki si ulimwengu mzima. Waskandinavia wa kale walisema Sól, jua, ni mwanamke, na Máni, mwezi, ni kaka yake. Wainuit wa Aktiki husimulia kwamba Mwezi ni kaka anayemfukuza dada yake Jua angani, na kinachomkimbiza dada ni kosa zito alilotendewa na kaka huyo gizani. Nimeona kisa hicho kikigeuzwa kuwa mchezo wa kukimbizana kwa ajili ya watoto wa chekechea, na nimesikitika sana. Asiyetaka kuubeba uzito wake na achague kisa kingine. Tena kumbukeni kwamba Amaterasu bado anaabudiwa katika hekalu la Ise, kwa hiyo anayemwandika anagusa imani ya watu walio hai.

Naruhusiwa kubadilisha mwisho? (Mwanafunzi, Muheza)

Unaruhusiwa, mradi useme kwamba umeubadilisha.

Nimeambiwa kwamba kuandika visa hivi ni shirki. Niache? (Msomaji, Ngamiani)

Hukumu ya dini mwulize sheikh wako. Mimi nazungumzia uandishi. Mtume (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa siku hiyo hiyo, na watu wakadhani limepatwa kwa ajili ya msiba huo, naye akawaeleza kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kwa kuzaliwa kwa mtu. Dhana ya watu imesimuliwa hapo waziwazi, ikatenganishwa na ukweli. Nawe andika "Wajapani husimulia kwamba", na usiliondoe neno hilo "husimulia".

Nataka kukileta Tanga kisa cha Jua na Maji cha Nigeria. Nianzie wapi? (Mwalimu, Raskazone)

Kwa wasiokijua: kisa hiki cha kusini mwa Nigeria, kilichochapishwa na Elphinstone Dayrell mwaka 1910, chasema kwamba Jua alimzoea rafiki yake Maji kwa kumtembelea, lakini Maji hakurudisha ziara kwa kuwa jamaa zake walikuwa wengi mno. Jua akajenga ua mkubwa, Maji akaja na samaki wake wote, akauliza kila hatua kama aendelee kuingia, akakaribishwa, hata Jua na mkewe Mwezi wakapanda juu ya paa, na mwishowe mbinguni. Uti wa kisa ni adabu ya mwenyeji asiyeweza kumwambia mgeni basi, na mtu wa pwani haelezwi adabu hiyo. Uache ulivyo.

Mandhari ndiyo uyafanye ya kwetu, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Mara ngapi nimesoma insha za watoto wa Tanga ambamo jua linazama baharini! Hapa jua huchomoza baharini, upande wa Pemba, na hutua nyuma ya milima ya Usambara. Maji naye aingie nyumbani kama bamvua, yale maji makuu ya bahari yanayojaa kupita kawaida, akipitia mikokoni kwanza, kisha uani, kisha kizingitini. Bamvua huandamana na mwezi mwandamo au mwezi mpevu; ukiandika kwamba Maji alifurika usiku wa mwezi wa nusu duara, mvuvi yeyote wa Sahare atakifunga kitabu chako papo hapo, kwa kuwa usiku huo ni wa maji mafu, yaani bahari haijai sana.