Ada ya bima ya nyumba imepanda kutoka 240,000 hadi 384,000. Nihame kampuni?

SWALI: Habari za kazi, mwanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Luchelele hapa Mwanza, upande wa ziwani, na nyuma ya nyumba kuna mlima wa mawe. Nyumba ina mita za mraba 150 hivi. Niliikatia bima mwaka 2019 kwa thamani ya shilingi milioni 80, na mwaka jana nililipa 240,000. Mwezi uliopita kampuni ilimtuma kijana akapiga picha nyumba nzima pamoja na fremu zangu mbili za barabarani nilizopangisha. Moja ni saluni, nyingine wanauza mitungi ya gesi. Wiki hii nimeletewa barua kwamba nikitaka kuendelea nilipe 384,000. Sijawahi kudai hata senti. Wakala mwingine amenipa bei ya 190,000 kwa kampuni nyingine. Bima yangu inaisha tarehe 30. Nihame? Na vitu vya wapangaji wangu vimo kwenye bima hii?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Asante pia kwa picha za karatasi zote mbili, barua ya kampuni yako na bei ya wakala. Bila hizo ningekujibu kwa kubahatisha.

Usihame bado, na usilipe bado. Hizo bei mbili si za nyumba moja. Shika karatasi ya wakala uisome kwa jicho ulilosahihishia madaftari: nyumba yako kaiandika kwa thamani ya milioni 60. Barua ya kampuni yako inasema milioni 80, ileile ya mwaka 2019. Hapo ndipo bei ilipopungulia.

Ada ya bima hupatikana kwa kuzidisha vitu viwili, thamani uliyoandikisha na kiwango cha kampuni. Mwaka jana ulitozwa shilingi 3 kwa kila elfu moja ya thamani. Mwaka huu kampuni yako inataka 4.80. Wakala anakutoza kama 3.17. Kiwango chake kiko juu kidogo ya kile ulichozoea, ila kwa kuwa ameipunguza nyumba, ada imeonekana ndogo. Angeiacha kwenye milioni 80 angekudai 253,000 na ushee.

Sasa hata hiyo milioni 80 haikutoshi, na hili linanisumbua zaidi kuliko ongezeko lenyewe. Thamani inayotakiwa kwenye bima ni gharama ya kuijenga nyumba upya leo, kwa saruji, nondo, bati na mafundi wa leo. Bei ya kiwanja haimo, maana kiwanja hakiungui. Zinazoingia ni uzio, choo cha nje, tenki la maji, pamoja na fedha za kubomoa mabaki na kuzoa kifusi, ambazo wengi huzisahau. Tukichukua kwa mfano shilingi 800,000 kwa mita moja ya mraba, mita zako 150 ni milioni 120. Fundi unayemwamini au mkadiriaji majenzi atakupa namba yako halisi; mlipe kidogo akuandikie.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu mikataba mingi ya bima ya nyumba ina kanuni ya wastani. Ukikatia bima sehemu tu ya thamani, kampuni nayo italipa sehemu hiyo hiyo ya hasara, hata kama hasara ni ndogo. Tuseme upepo umeng'oa paa na mvua ikaharibu dari, hasara milioni 20. Nyumba ya milioni 120 iliyoandikwa milioni 60 imekatiwa nusu, basi utalipwa nusu, milioni 10. Humo watatoa tena ekisesi, yaani sehemu ya hasara ambayo mwenye nyumba huibeba mwenyewe. Kwa milioni 80 ungepata milioni 13 na kitu. Kwa milioni 120 ungelipwa zote 20, ukiondoa ekisesi.

Kanuni hii inaliza watu. Niliwahi kukaa na familia moja Nyakato, bati zao zimetawanyika mpaka kwa majirani, watoto wamehamishiwa kwa shangazi, nami ndiye niliyetakiwa kuwaeleza kwa nini fidia haifiki hata nusu ya bei ya paa. Walikuwa wamelipa ada miaka sita bila kuchelewa, na hakuna aliyewahi kuwauliza nyumba ina mita ngapi. Tangu siku ile simwandikii mtu thamani kabla ya kumuuliza.

Rudi kwenye bei ya wakala. Chukua kiwango chake ukipige kwa milioni 120: unapata 380,000. Karibu sawasawa na ile barua iliyokushtua! Kampuni yako kwa kiwango chake kipya itakudai 576,000 kwa thamani hiyo hiyo. Hapo sasa kuna tofauti ya kweli, 196,000, na hapo ndipo kulinganisha kunapoanza kuwa na maana.

Kabla hujalinganisha, tuzungumze kuhusu mitungi ya gesi.

Ada kupanda kidogo kila mwaka ni jambo la kawaida. Kampuni za bima nazo hukata bima kwa kampuni kubwa zaidi, tunaiita bima mtawanyo, na mikataba mingi ya namna hiyo huanza upya tarehe 1 Januari. Kimbunga Ian kilipopiga Florida Septemba 2022, bei za bima mtawanyo zilipanda duniani mwaka 2023 ulipoanza, na ongezeko la namna hiyo hushuka ngazi kwa ngazi mpaka kwa mteja. Sehemu hiyo mimi na wewe hatuwezi kuibishia. Lakini kiwango chako kimeruka kwa asilimia 60 kwa mkupuo mmoja, bila dai lolote, mwezi mmoja tu baada ya yule kijana kupiga picha. Kwa uzoefu wangu, aliiona fremu ya gesi, akaiandika. Ulipokata bima 2019, fremu hizo zilikuwepo? Kama hazikuwepo, au zilikuwepo na hazikutajwa, kampuni ilikuwa inakutoza kama nyumba ya kuishi tu.

Mwalimu, usiingie kwenye kishawishi cha kumnyamazia wakala mpya kuhusu gesi ili upate bei nafuu. Karatasi yake imeandika "nyumba ya makazi", basi. Kwenye bima mwenye mali anatakiwa kusema kila jambo kubwa linalohusu hatari ya mali yake, hata asipoulizwa. Moto ukitokea, mpelelezi wa kampuni ataanzia kwenye ile fremu, na dai lako laweza kukataliwa lote, pamoja na chumba unacholala ambacho hakina uhusiano na gesi.

Kinachowezekana ni kujadiliana. Iandikie kampuni yako uwaombe wakueleze kwa maandishi kiwango kimepanda kwa sababu ipi, na wakupe bei mbili: moja gesi ikiwepo, nyingine ikiondoka. Uliza pia kama watapunguza iwapo mitungi itawekwa nje kwenye kizimba cha chuma chenye hewa, mbali na ukuta wa nyumba na saluni, kukiwa na vizimia moto vinavyokaguliwa, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wakapita kukagua. Halafu piga hesabu: kodi unayopata kwenye fremu hiyo kwa mwaka, na ada inayoongezeka kwa sababu yake. Huenda kodi inazidi kwa mbali, ukaamua mpangaji abaki na wewe ulipe ada ya juu kwa moyo mweupe. Au huenda ukampangisha fundi cherehani.

Sasa jinsi ya kuzunguka kutafuta bei. Andika karatasi moja tu ya maelezo: ukubwa, kuta za tofali gani, bati au vigae, mwaka wa kujengwa, fremu na kinachouzwa ndani, umbali kutoka ziwani, mlima wa nyuma, thamani ya milioni 120 au ile atakayokupa fundi. Itoe nakala, uipeleke ileile bila kubadilisha neno kwa kampuni tatu au nne. Unaweza kumtumia dalali wa bima, ambaye kazi yake ni kukutafutia wewe kwenye kampuni mbalimbali, tofauti na wakala anayeuza kwa niaba ya kampuni. Mimi ni dalali, na kamisheni yangu hulipwa na kampuni unayoichagua, kwa hiyo una haki ya kuniuliza, na kumuuliza dalali yeyote, kwa nini anasukuma kampuni hii na si ile. Benki nyingi nazo siku hizi ni mawakala wa bima. Zikirudi bei, hakikisha zote zimejumuisha VAT au zote hazijajumuisha, usije ukalinganisha embe na ndizi.

Kisha soma kinacholipwa, na kwa mtu wa Luchelele soma sehemu tatu kwa makini.

Ya kwanza ni maji. Bima ya moto ya msingi ni moto, radi na mlipuko. Dhoruba na mafuriko huongezwa, na huongezwa kwa maneno yanayotofautiana. Maji ya mvua yanayoshuka mlimani yakapita sebuleni, kama yale ya Mto Mirongo yanavyowafanyia watu wa Mabatini, ni jambo moja. Ziwa kupanda polepole kwa miezi mpaka likakaa uani ni jambo jingine, na kampuni inaweza kusema hayo si mafuriko ya ghafla. Victoria limeshatufanyia hivyo: lilipanda sana mwaka 1964, likarudia 2020, na 2024 likakipita kiwango cha 2020. Waulize swali hilo hilo kwa barua, "Ziwa likipanda taratibu likaingia ndani, mnalipa?", na jibu lao uliambatishe kwenye mkataba. Pima pia umbali kutoka majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ukuta au fremu iliyoko ndani ya mita hizo inaweza kukuletea mgogoro wakati wa dai.

Ya pili ni mawe. Jiwe kuporomoka na ardhi kuteleza mara nyingi havimo mpaka uviombe. Tetemeko nalo uliza kama limo. Lile la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, liliharibu maelfu ya nyumba ng'ambo ya ziwa, na wengi waliojenga upya walitumia mfuko wao.

Ya tatu ni umeme. Radi ikipiga nyumba, bima ya moto inahusika. Umeme ukikatika ukarudi kwa nguvu ukaunguza friji na televisheni, hilo mara nyingi liko nje, isipokuwa umelinunulia nyongeza kwenye bima ya mali za ndani. Karatasi zako zote mbili zinahusu jengo tu. Samani na vyombo vyako havimo.

Angalia na ekisesi. Kampuni moja inaweza kukutoza ada ndogo ikakuachia asilimia 10 ya kila hasara, nyingine ikakuachia asilimia 5. Kama una akiba, kukubali ekisesi kubwa zaidi ni njia halali ya kushusha ada. Kwa mstaafu anayetegemea pensheni, mimi nisingeipendekeza.

Ukiamua kuhama, bima mpya ianze saa ileile ya zamani inapokoma, na ilipwe kabla, kwa sababu hapa kwetu pasipo malipo hakuna bima. Ahadi ya "nitakuandikia, utalipa mwisho wa mwezi" haina maana moto ukiwaka tarehe mbili. Lipa kwenye akaunti ya kampuni, si kwenye simu ya wakala, ukapewe risiti ya EFD. Namba ya bima yako ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza, na ukikwama ingia uwaulize. Dai likizua ugomvi baadaye, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, huanzi na mahakama.

Leo andika ile barua kwa kampuni yako kuhusu sababu na bei mbili, na wiki hii mwite fundi akupimie thamani. Kampuni ikikawia na tarehe 30 ikakukaribia, lipa hiyo 384,000 kwao kuliko kubaki wazi hata usiku mmoja, lakini kabla ya kulipa waombe waandike kwamba bei itajadiliwa upya gesi ikiondoka, na uwaulize mkataba unasemaje kuhusu kuuvunja katikati ya mwaka na fedha gani hurudishwa.

Kuhusu wapangaji: hapana, dryer za saluni na mitungi ya gesi havimo. Bima yako ni ya jengo, na kila mpangaji anapaswa kukata bima ya vitu vyake. Yule wa gesi mwandikie kwenye mkataba wa pango kwamba akate na bima ya dhima kwa wengine, ili moto ukianzia kwake, kuwe na fungu la kulipa hasara ya saluni na ya jirani.