Antena saba, mvurugaji mmoja: maswali yenu

Kwa nini kifaa cha kiganjani kinaiziba GPS eneo zima?

Setilaiti ziko kilomita 20,200 hivi juu. Mawimbi yake yakifika chini yamedhoofika hadi kuzama ndani ya kelele za kipokezi chenyewe. Kipokezi huyafukunyua kwa sababu tu kinaijua misimbo yake. Mvurugaji wa jirani, yaani kifaa hicho kinachoziba mawimbi, hata wa wati moja, anakupigia ukelele sikioni nawe unatega mnong'ono.

Antena nyingi zinasaidiaje?

Wimbi la upande mmoja huigusa antena hii kabla ya ile. Kwenye megahezi 1575.42 urefu wa wimbi ni sentimita 19, hivyo antena huachana kama sentimita 9.5, nusu yake. Kichakato huongeza au kupunguza nguvu ya kila antena, husogeza awamu (mahali wimbi lilipofika kati ya kilele na bonde), kisha hujumlisha: kilele cha wimbi la mvurugaji kikutane na bonde lake, yafutane. Upande ule safu, yaani antena zote pamoja, inakuwa kiziwi. Gari lililobeba safu likikata kona, hesabu hurudiwa na uziwi unahama.

Ninachokipenda hapa ni kwamba si lazima kujua mvurugaji yuko wapi. Setilaiti zimo chini ya kelele, basi chochote kinachosikika kwa nguvu ni adui. Amri ni moja: punguza nguvu yote inayoingia. (Antena moja hufungiwa kiwango chake kisibadilike, la sivyo hesabu itachagua njia ya mvivu na kuzima zote.)

Nina antena nne. Nitazima wavurugaji wanne?

Watatu. Safu ya saba, sita zikizunguka moja, huzima sita. Hiyo ni karatasini. Mawimbi yakigonga kuta na kurudi, kila mwangwi unaweza kula nafasi yake. Na setilaiti iliyo upande wa mvurugaji huzimwa pamoja naye, nawe unahitaji angalau setilaiti nne.

Na wanaoghushi mawimbi?

Wakighushi kwa sauti ya chini, amri ile haiwaoni. Lakini safu inaweza kupima uelekeo: setilaiti za kweli zimetawanyika angani, za bandia zote zinatoka kwenye kona moja.

Inafaa kwa upimaji wa usahihi wa sentimita?

Kwa tahadhari. Kila hesabu inapobadilika awamu husogea, na wimbi zima ni sentimita 19 tu. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji awamu inasahihishwaje.