Kumficha mama ugonjwa: Kant na Mill wangesemaje

Pole sana dada. Nimekuelewa, mama kagundulika na kansa, kaka zako wanataka afichwe asije akakata tamaa, we roho inakusuta na somo la maadili hapo chuo ndo limekuchanganya zaidi.

Kant, yule mwanafalsafa Mjerumani, kwenye kitabu chake cha maadili cha 1785 anakubana kabisa: mtu usimfanye chombo tu, mheshimu kama mwenye akili na maamuzi yake. Ukimdanganya mama unamnyang'anya nafasi ya kuchagua matibabu, kugawa shamba, kuagana na watu wake. Mill, mwanafalsafa Mwingereza, yeye anapima matokeo, na hapo kaka zako wanakosea hesabu maana wanaona machozi ya wiki hii tu, hawaoni siku atakayosikia manesi wanaongea wodini akajua watoto wote mlimzunguka.

Mi ningeanza kwa kumuuliza mwenyewe, "mama, majibu unataka uambiwe yote au tuongee sisi na daktari?" Akisema hataki kujua, heshimu, ila akiuliza baadae usimdanganye. Habari yenyewe aseme daktari nyie mkiwepo, na kama mama aliwahi kuugua sonona mwambieni daktari kabla, ombeni na mshauri nasaha wa hospitali.